Maikrofoni ya Pili

Siku yangu ya kwanza kazini niliingizwa kwenye chumba kisicho na dirisha, nikaambiwa niketi na nisifanye lolote. Aliyeniambia hivyo alikuwa Mkuu wa Sauti katika kituo chetu cha televisheni jijini Nairobi, mzee mwembamba aliyevaa tai hata Jumamosi. Alifunga mlango mzito uliobandikwa sponji kwa ndani, akanivisha hedifoni zilizofunika masikio yote mawili, kisha akasimama nyuma yangu. Baada ya muda akauliza, "Rasoa, unasikia nini?"

"Sisikii kitu, mzee."

"Sikiliza tena."

Nikasikiliza. Kwanza nilisikia damu yangu mwenyewe ikipiga. Halafu nikasikia mvumo mdogo, wa chini chini, kama mtu amelala chumba cha pili.

"Hicho ndicho kimya cha chumba hiki," akasema. "Kila chumba kina chake. Ukikata maneno kwenye kanda ukaacha tundu tupu, mtu nyumbani atashtuka bila kujua kimemshtua nini. Kwa hivyo kabla hujarekodi neno lolote, nasa kimya cha mahali. Utakitumia kama kiraka."

Nyinyi mnaorekodi kwa simu hamna haja ya viraka, mashine inawafanyia. Wakati wetu kanda ilikuwa utepe wa kahawia unaozunguka kwenye magurudumu mawili, na kuunganisha kipande kwa kipande ilikuwa kazi ya wembe na gundi. Mezani palikuwa na mikseri, ile meza ya vitufe inayopokea sauti za maikrofoni zote na kuzipima. Kila maikrofoni ilikuwa na dirisha dogo la kioo lenye sindano ndani yake. Mtu akinong'ona, sindano inatikisika. Akipiga kelele, inaruka hadi kwenye rangi nyekundu. Kama hakuna sauti, inalala. Nilifunzwa kuiamini sindano kuliko sikio, kwa sababu sikio hupenda kusikia linachotaka.

Nilianza kwa kubeba kebo. Nikapelekwa habari, nikasimama mvuani kwenye mikutano ya hadhara nikiwa nimeinua maikrofoni juu ya vichwa vya wanaume ambao hawakutaka kuamini kwamba fundi ni mimi. Wakati mmoja nilitumwa Isecheno, katika msitu wa Kakamega, kunasa milio ya ndege na nyani wa msituni kwa ajili ya maktaba ya sauti. Mwishowe Meneja wa Vipindi, mama mmoja mwenye sauti ya kiongozi wa kwaya, akanihamishia vichekesho. "Wewe ni wa Kakamega," akasema. "Kuna watu wawili wa huko kwenu nataka uwasikilize. Wasikilize vizuri, maana mmoja wao haongei."

Hao ndio Chupa na Kizibo.

Wengi wenu mmewaona kwenye marudio, lakini wacha niwaeleze kwa ajili ya yule ambaye hajabahatika. Chupa jina lake hasa ni Wafula. Ni mtu mrefu, uso mrefu, mikono mirefu. Wazazi wake walipata shamba kule Mautuma wakati mashamba ya Wazungu yalipogawanywa. Kizibo alikuwa Rajabu wa Mumias, mfupi, kofia yake nyeupe kichwani, mtaratibu hata akivuka barabara. Mchezo wao ulikuwa mmoja tu kila wiki. Chupa analeta mpango mkubwa, anaueleza kwa mapana na marefu, halafu anamwinamia mwenzake na kuuliza, "Ama unaonaje, Kizibo?"

Kizibo hajibu. Anawatazama watu. Anavitazama viatu vya Chupa. Anawatazama watu tena.

Nakumbuka siku ya ng'ombe. Chupa alikuwa amepata ng'ombe wa kulisha Kakamega nzima kwa maziwa. Akaeleza nyasi zitatoka wapi, malori yatapita barabara ipi, nani atakuwa waziri wa siagi. Watu wakawa wanafuata, wengine wakianza kuamini. "Ama unaonaje, Kizibo?" Ukumbi ukanyamaza. Nikaiangalia sindano ya Kizibo, imelala. Nikadhani kebo imekatika, nikanyoosha mkono kuongeza sauti.

"Usiguse," akasema Mkuu wa Sauti aliyekuwa amekuja kunikagua.

Hapo nikasikia mluzi. Rajabu aliumia pua utotoni, na kabla ya kusema neno alivuta hewa, na hewa hiyo ilipiga mluzi mwembamba ambao hata mtu wa kiti cha mbele hangeweza kuusikia. Mimi niliusikia kwa sababu ya hedifoni. Sindano ikagusa mstari wa kwanza. Kisha akasema, "Ni ndume."

Watu walianguka kutoka vitini.

Tangu siku hiyo nilifanya kazi kwa mluzi ule. Ulikuwa ukiniambia niweke kidole tayari. Na jambo moja nililigundua baada ya muda, nikamwambia Mkuu wa Sauti naye hakunicheka: watu walianza kucheka mluzi ukipita, kabla ya neno. Hawangeweza kuusikia, lakini walicheka papo hapo.

Meneja wa Vipindi aliamua tuwe tunarekodi Kakamega, kwa sababu alisema watu wa huko wakicheka hawabakishi. Kicheko cha ukumbi wa kule tulikinasa kwa maikrofoni zake peke yake, zilizoning'inizwa darini, na kila kipindi kilichorekodiwa kwingine kiliongezewa kicheko cha Kakamega. Kituo kilipofungua ofisi hapa Kakamega, niliomba uhamisho nikarudi nyumbani. Nikaolewa. Kazi ikawa ni hiyo, mwaka baada ya mwaka, na wale wawili wakazeeka mbele ya masikio yangu.

Rajabu alifariki kwa ugonjwa wa kifua. Alizikwa Mumias siku hiyo hiyo, kabla ya sala ya alasiri. Wafula alisimama pembeni ya kaburi na hakulia. Wakati wa kuondoka alikuwa akitembea huku amejiinamia kidogo upande wa kushoto, upande ambao Rajabu alikuwa akisimama jukwaani, na nikaona anaacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na sisi.

Kituo kiliendelea kurudia vipindi vya zamani, na watu hawakuchoka navyo. Wanafunzi wa chuo ambao hawakuwa wamezaliwa wakati wa ng'ombe walikuwa wakiigiza majibu ya Kizibo mitaani. Ndipo tukaletewa Meneja mpya wa Vipindi, kijana nadhifu kutoka Nairobi, na wazo lake: Chupa apande jukwaani peke yake, kwa kumbukumbu ya mwenzake, kwenye ukumbi ule ule wa Kakamega. Wafula alikubali kwa sharti moja.

"Rasoa, niwekee maikrofoni yake," akaniambia. "Kimo chake. Na uiwashe."

"Ya nini, Wafula?"

"Nikiuliza, nitamuuliza nani?"

Nikaona ni heshima ya kawaida, kama kiti kinachoachwa wazi. Nikaiweka kimo cha kifua changu, nikaiwasha.

Ilikuwa mchana, mvua ya Kakamega inajikusanya, ukumbi umejaa hadi madirishani. Nilitarajia Wafula atasimulia visa vya zamani. Badala yake alileta kipya, alichokitunga wiki hiyo: mpango wa kujenga ghorofa ambalo wapangaji wake wote watakaa juu, chini asikae mtu, ili asiwepo wa kulalamikia kelele. Akaeleza ngazi, akaeleza maji yatapandaje. Kisha akageuka kushoto, akainama. "Ama unaonaje, Kizibo?"

Ukumbi ukanyamaza. Nilikuwa namhurumia, najua hana la kufuata. Niliitazama mikseri kwa mazoea tu.

Mluzi ukapita katika hedifoni, mwembamba, kutoka kushoto. Sindano ya maikrofoni ya pili ikainuka, ikagusa mstari wa kwanza, ikalala.

Na watu wote wakacheka kwa mpigo mmoja.

Nataka mnielewe vizuri. Kama kingekuwa kisa cha zamani, ningesema wanalijua jibu, wamelikumbuka. Lakini swali lile halikuwa limewahi kuulizwa. Rajabu hakuwahi kulijibu. Na kama ni upepo ulioingia mlangoni, upepo hautikisi sindano moja ukaiacha jirani yake. Nilikaa pale, watu wakifuta machozi, na Wafula anaendelea na mzaha unaofuata kana kwamba amejibiwa.

Walipokuwa wakitoka nilimshika mkono msichana mmoja wa chuo aliyekuwa bado anacheka. "Mwanangu, mmecheka nini pale kwa ghorofa?"

"Vile alijibu, kukhu!" akasema, akiniita bibi kwa lugha ya kwetu.

"Alijibu nini?"

Akafungua mdomo aniambie. Akabaki hivyo. Nikaona kicheko kinamtoka usoni kidogo kidogo. "Sijui," akasema. "Lakini alijibu." Akawaangalia wenzake, na hakuna aliyemsaidia.

Nyuma ya jukwaa Wafula alikuwa ameshika ukuta, shati limelowa. "Umesikia?"

"Nimesikia watu."

"Usinifanyie hivyo. Wewe ndiye uko na hedifoni."

Sikuweza kumficha mtu ambaye nimefanya naye kazi maisha yote. Nikamwambia kuhusu mluzi. Nikamwambia kuhusu sindano. Uso wake ulikuwa na furaha na hofu kwa pamoja, sikujua ipi inamshinda.

Meneja alitaka onyesho lile lizunguke, na likazunguka. Tulienda Bungoma, tukaenda Webuye, tukaenda Busia. Kila mahali nilisimamisha maikrofoni ya pili, na kila mahali mluzi ulikuja, na watu walicheka neno ambalo baadaye hawakuweza kulitaja. Umati ulizidi. Wafula alipungua. Hotelini alikuwa akimuuliza mhudumu kama kuna ndizi, kisha anageuka kushoto, anasubiri, anatikisa kichwa, ndipo anaagiza.

Siku moja mkewe, Nanjala, akanipigia simu kutoka Mautuma.

"Dada Rasoa, huyu mtu mlinirudishia si yule mlichukua."

"Kuna nini?"

"Ananiulizanga swali. Nikijibu anakasirika, ananiambia nimemkatiza mwenzake. Na mimi, dada, nimeanza kungoja. Anauliza, na mimi naangalia huko chini kwa upande wake, nangoja. Nimejishika nikifanya hivyo. Ninaogopa."

Nilimwambia Meneja mtu wetu anaumwa. Akasema ataangalia baada ya onyesho la Mumias, kwa sababu tiketi zilikuwa zimekwisha.

Basi tukaenda Mumias. Nilikuwa ninatandaza kebo jukwaani asubuhi, ukumbi mtupu, niliposikia "Asalaam aleikum" mlangoni. Alikuwa Mama Hadija, mjane wa Rajabu, amejifunika buibui, anatembea polepole. Nikashuka kumwamkia.

"Watoto wameniambia watu wanamsikia baba yao," akasema. "Ni kweli?"

"Wanacheka kama wanaomsikia, mama."

"Na wewe?"

"Nasikia pumzi yake."

Alikaa kwenye kiti cha mbele. "Mimi nimelala karibu na pumzi hiyo tangu nikiwa msichana. Nyumba iko kimya sasa. Usiku simsikii, alfajiri simsikii. Kwa nini aje kwenu na asije kwangu?"

Nikaketi kando yake.

"Kama si yeye, mnawadanganya watu. Na kama ni yeye, mnamwita kazini na alishamaliza kazi. Iondoeni hiyo kitu. Mwacheni apumzike."

Meneja alikuwa amesogea akasikia. Akaongea kwa upole, hilo sitamnyima. "Mama, pole sana. Lakini watu wamekuja kwa sababu ya hiyo maikrofoni. Siwezi."

Ndipo Wafula akatokea nyuma ya pazia. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alivua kofia, akapiga magoti mbele ya yule mjane.

"Shemeji, nikimwondoa nitabaki na nani?"

"Uko na mke," akasema Mama Hadija. "Yuko hai. Mimi ndiye sina mtu."

Wafula akainuka. Alipanda jukwaani, akaichomoa kebo kwa mkono wake mwenyewe, akaibeba maikrofoni pamoja na mguu wake wa chuma hadi stoo, akafunga mlango. Meneja alimfuata akimsihi, lakini ilikuwa kama anamsihi mlingoti.

Saa ya onyesho ukumbi ulijaa. Mama Hadija alibaki kwenye kiti chake cha mbele. Wafula alianza, na alikuwa mzuri kuliko nilivyowahi kumsikia, mwepesi, sauti imefunguka. Mpango ulikuwa wa kufuga samaki barabarani, kwenye mashimo ya lami. Akaeleza nani atawalisha, na askari wa trafiki atapewa wavu. Mimi nilikuwa nimetulia. Dirisha la pili la mikseri lilikuwa giza, sindano imelala kabisa, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuiamsha.

"Ama unaonaje, Kizibo?" akasema Wafula. Nadhani lilimtoka kwa mazoea. Aligeuka kushoto, pakiwa patupu, hata mguu wa chuma haupo.

Katika hedifoni hapakuwa na mluzi. Hapakuwa na kitu, ila ukumbi wenyewe.

Na watu wakacheka. Walicheka kuliko Kakamega, kuliko Bungoma, mabati yakatetemeka. Wazee walikuwa wanapigana mabega. Nikamtazama Mama Hadija. Hakucheka. Alikuwa ameweka mkono mdomoni na anatazama mahali pale pale kushoto.

Wafula alisimama wima. Aliwatazama watu na nikaona ameogopa, si kuigiza. Akaisogelea maikrofoni.

"Amesema nini?"

Wakacheka zaidi.

"Nawauliza nyinyi. Amesema nini?"

Kicheko kikaanza kukatika. Kilikufa nyuma kwanza, kisha katikati, hadi akabaki mtu mmoja karibu na mlango, naye akajisikia yuko peke yake akanyamaza. Watu walitazamana. Mama mmoja alimvuta mtoto wake karibu. Ukumbi mzima wa watu wazima, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na neno la kusema.

"Mimi pia sijui," akasema Wafula. "Nilidhani nyinyi mnajua."

Akashuka jukwaani. Akapita katikati yao, wakimpisha kama wanavyopisha jeneza, akamwinamia Mama Hadija, akamwomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Jioni hiyo alikuwa Mautuma, na hajapanda jukwaa tena.

Meneja alinijia kwenye mikseri, ametokwa na jasho. "Mama Rasoa, nini kimeharibika?"

"Hakuna, Bwana Meneja. Maikrofoni moja, mtu mmoja. Kila kitu kilifanya kazi."

Niliendelea na kazi hadi umri wa kustaafu, nikiwa Mkuu wa Sauti wa ofisi ya Kakamega, nikifundisha wengine. Vijana waliniuliza mara nyingi kwa nini Chupa na Kizibo hawaishi hamu. Nilikuwa nawajibu kifundi: mapumziko, mwendo, sauti moja nene na moja nyembamba. Ni majibu ya kweli lakini hayatoshi, na nilijua.

Mwaka huu nimepata jibu lingine, kutoka kwa jirani yangu. Anaitwa Mama Ayuma, anauza mboga, na kila alasiri marudio yakianza anakuja kwangu kwa sababu televisheni yake imeharibika. Anakaa ameinamisha kichwa. Niligundua kwamba hatazami.

"Mama Ayuma, mbona huangalii?"

"Ngoja," akasema, akinizuia kwa mkono. Chupa aliuliza, Kizibo akajibu, watu wakacheka. "Hapo. Umesikia huyo anachekanga kama anakohoa? Ni mama yangu. Alikuwa kwa hiyo ukumbi. Tulimzika kitambo sana, na picha yake hatuna."

Nikasikiliza kwa masikio ya kazi, na kweli yupo, mwanamke wa upande wa kulia, karibu na maikrofoni ya darini. Nilimnasa mimi. Kisha nikaanza kuwasikia wengine. Yupo mzee wa mlio wa juu, wapo wasichana wawili wanaokwenda pamoja, yupo mtu anayesema "uwii" baada ya kila mzaha. Nikafikiria ni nyumba ngapi katika mkoa huu zinawasha marudio na kuinamisha kichwa. Sikulala vizuri siku hiyo.

Nikafunga safari kwenda Mautuma kumwambia Wafula. Mahindi yalikuwa yametoa mbelewele, yeye yuko katikati yake na viatu vya mpira, amenenepa. Nanjala akatupikia obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kienyeji, na tukila nikamweleza Wafula habari yote ya Mama Ayuma. Alisikiliza akiwa ameacha kula.

"Kwa hivyo wale wanaocheka nasi," akasema polepole, "wengi wao hawapo."

"Wengi wao."

"Na siku ile Mumias, hatukuwa tumeweka kicheko cha kanda."

"Hatukuwa tumeweka."

Alitazama nje kwa muda, mahindi yakisugua majani yake ingawa sikusikia upepo. Nilijua anahesabu vichwa katika ukumbi ule, kama ninavyofanya mimi, akijiuliza ni wangapi walikata tiketi. Akajipangusa mikono, akanigeukia.

"Na wewe Rasoa? Tangu mzee wako alipofariki, unakaa na nani pale nyumbani?"

Nikasubiri kidogo, kwa sababu nilimzoea Chupa, mtu wa kuuliza swali na kulipeleka kwingine, kushoto kwake. Lakini alikuwa ananitazama mimi. Nikamwambia. Nikamwambia kwamba nakaa peke yangu, kwamba jioni naongea na redio, kwamba watoto wako mbali na wanapiga simu Jumapili. Niliongea sana kuliko nilivyokusudia. Nanjala alitoka jikoni akaegemea mlango, amekunja mikono, na hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama mumewe anavyosikiliza.

Nilipomaliza, Wafula akaniuliza swali lingine.